Macho ya Katikati

Ma Savita alirudi Bukoba mwaka huu, mwezi wa pili, na kaka yake akiwa ndani ya chombo cha shaba kilichofungwa kwa kitambaa chekundu. Nilikwenda kumpokea uwanja wa ndege nikiwa nimechoka. Siku hizi kila ninakokwenda nafika nimechoka, hata nikiwa nimetoka kitandani moja kwa moja. Alishuka ngazi za ndege polepole, amepungua mwili, nywele zimekuwa nyeupe zote, akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Kemi, umenenepa," akasema. "Bado unabishana na watu?" Nikamjibu kwamba nimepunguza. "Basi umezeeka," akasema, akanikabidhi begi lake la nguo. Kile chombo hakukitoa mikononi. Ndani ya teksi alikipakata kama mtu anayepakata sufuria ya mchuzi akiogopa usimwagike, na tulipopita Miembeni aligeuza uso upande wa pili ili asilione lile lililokuwa duka lao, ambalo sasa lina vioo na linauza simu.

Sina umri wa kuandika kumbukumbu. Wenzangu niliomaliza nao chuo bado wanaandika barua za kuomba kazi. Lakini kuna mwaka mmoja ambao kila nikiupima naona ni mzito kuliko mingine yote niliyoishi, na kinachonichosha ni kwamba siwezi kueleza kwa nini. Haukuwa mwaka wa mapenzi wala wa msiba. Ulikuwa mwaka wa kukaa kwenye chumba kilichokuwa kati ya duka na jiko, nikimsimulia mzee kipofu mchezo nisioujua, uliokuwa ukichezwa katika nchi ambayo sikuwahi kufika.

Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na shahada ya elimu ya jamii na tabia ya kuuliza maswali ambayo hakuna aliyeyahitaji. Nilipanga chumba Bilele, na siku ya kwanza nikashuka Miembeni kununua kufuli. Ma Savita aliniwekea moja juu ya meza akisema ni la Ujerumani. Nikamwambia si la Ujerumani. Akaniambia limeandikwa. Nikamwambia kuandikwa si ushahidi, hata mimi naweza kuandika kwenye paji la uso kwamba ni Mjerumani. Wateja wawili wakacheka. Sauti ya kiume ikatoka nyuma ya pazia: "Savita, nani huyo?"

"Msichana mmoja haamini kufuli, Bhai," akajibu, akimwita kaka kwa Kigujarati chao.

"Mlete."

Hivyo ndivyo nilivyomjua Ta Jayanti. Watu wote wa mjini walimwita hivyo, Ta, kama tunavyomwita mzee yeyote wa Kihaya tunayemheshimu, na yeye aliitikia kama aliyezaliwa nalo. Alikuwa mrefu, mkavu, amevaa sweta la rangi ya udongo hata wakati wa jua, amekaa kwenye kiti cha kamba akitafuna kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, ile tunayompa mgeni nyumbani. Macho yake yalikuwa na ukungu. Nikamwamkia, "Shumalamu, waitu," naye akaitikia kwa Kihaya kizito cha Kamachumu, kisha akanihoji kwa Kiswahili.

"Unapenda kriketi?"

"Sijawahi kuiona."

"Unashabikia India?"

"Kwa nini nishabikie India?"

"Unamwamini Mungu?"

"Inategemea nani anauliza, na anataka nini."

Akapiga goti lake kwa kiganja. "Savita! Huyu ndiye."

Kazi yenyewe nilielezwa na Ma Savita jikoni, juu ya sahani ya dengu na ebitoke, ndizi alizopika pamoja na karanga, akinisimamia hadi nimalize. Kaka yake alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, aliyekomaa. Daktari alishasema upasuaji unawezekana. Ma Savita alitaka ufanyike Dar es Salaam, aliko binti yake, ambaye alikuwa ameshawaandalia chumba. Ta Jayanti hakutaka kusikia habari ya Dar es Salaam. Alijua, na dada yake alijua kwamba anajua, kuwa wakienda kwa ajili ya macho hawatarudi. Alikuwa amezaliwa Muleba, amezeeka Bukoba, marafiki zake wa utotoni walikuwa wameondoka mmoja baada ya mwingine, na kwake kuondoka kulikuwa sawa na kuzikwa. Kwa dada yake kubaki ndiko kulikokuwa hivyo. Walikuwa wamevutana miaka mingi. Kisha, yule mpigaji mkubwa wa India alipostaafu, Ta Jayanti akafanya kosa. Aliwasha taa mbele ya picha ya mama yao, akaapa: siku mtu yeyote atakapovuka mia za yule bwana, nitafunga duka na kwenda unakotaka.

Nikauliza mia ni nini. Ma Savita akanitazama kwa huruma. Katika kriketi, akasema, mpigaji akipata mbio mia moja katika mechi moja, hilo ni jambo la kukumbukwa na wajukuu. Wapo wapigaji wazuri wanaostaafu na mia chache tu. Yule bwana, katika mechi za kimataifa za siku moja, alikuwa nazo arobaini na tisa. "Kwa hiyo Bhai aliapa kama mtu anayesema, siku ziwa litakapokauka. Hakujua kwamba kulikuwa na kijana mmoja anakuja nyuma." Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Kijana ana njaa, huyo."

"Na mimi ninahitajika kwa nini?"

"Kwa sababu Bhai haniamini."

Televisheni yao ilikuwa imeungua spika siku umeme uliporudi kwa nguvu. Fundi alitaka kuzibadilisha, wote wawili wakakataa, na hilo ndilo jambo pekee walilowahi kukubaliana. Ma Savita hakupenda makelele. Ta Jayanti alisema watangazaji wanapiga kelele mpira ukipigwa na wanapiga kelele ukikoswa, kipofu hawezi kujua lipi ni lipi. Kwa hiyo alimtegemea dada yake amwambie, na dada yake alikuwa na sababu zake za kutaka kijana aonekane mzuri. Kabla sijafika walikuwa wamegombana hadi jirani akaja kuamulia. Walihitaji mtu wa tatu, asiye na upande. Ta Jayanti alimwita macho ya katikati.

Nilimwambia Ma Savita, mdomo ukiwa bado na ebitoke, kwamba jambo lote ni la kipuuzi. Mtu asiyewajua, katika nchi nyingine, anapiga mpira kwa gongo, na idadi ya mipira aliyoipiga ndiyo iamue wazee wawili wafie wapi? Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniongezea dengu na kusema, "Wewe uliyesoma, wazee wa kwenu wanaamua kwa kitu gani?"

Sheria za kazi zilikuwa chache. "Usiniambie amecheza vizuri," Ta Jayanti alisema. "Uzuri ni wangu. Wewe niambie mguu wa mbele uko wapi, gongo limetokea wapi, mpira umekwenda wapi. Sema unachokiona, usiongeze." Sikuwa na maneno, kwa hiyo tulitengeneza. Upande mmoja wa uwanja tuliuita upande wa dukani na mwingine upande wa jikoni, kulingana na milango ya chumba kile. Vile vijiti vitatu vilivyo nyuma ya mpigaji vilibaki kuwa vijiti, na mpigaji ambaye vijiti vyake vimegongwa au mpira wake umedakwa kabla haujadunda tulisema ametoka, zamu yake imekwisha. Mpira unaodunda ukainuka usoni tuliuita mbuzi aliyekata kamba. Baada ya miezi kadhaa ningeweza kusema, "Mguu wa mbele umetoka, goti limekunjwa, upande wa dukani, umepita katikati ya wawili," na Ta Jayanti angefumba yale macho yasiyoona na kutikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeonja chumvi ikawa sawasawa. Mechi zilikuwa mchana. Wateja waliita kutoka dukani, "Hodi, Ma Savita, koleo lipo?" naye akajibu, "Lipo, subiri, wanabadilisha mtupaji," na wakulima kutoka Kanyigo na Muleba wakasubiri na majembe yao mikononi, bila kujua wanasubiri nini.

Msimu wa kahawa walinichukua kwenda Kamachumu, walikokulia, baba yao alikokuwa na duka. Kahawa ilikuwa imeanikwa kila mahali, kwenye mikeka, kwenye maturubai, hadi ukingoni mwa barabara, na harufu yake iliingia garini kabla hatujafika. Lile duka la zamani lilikuwa limekuwa duka la dawa. Mwenye nyumba, mama mmoja Mkatoliki mwenye rozari shingoni, alitukaribisha uani bila kuuliza mengi, akatupa kahawa ya kutafuna. Ma Savita alisimama pale uani akipima kwa macho. "Vijiti vilikuwa pale," akasema. "Miti ya kuegemezea migomba. Gongo tulichongewa la mti wa mhumula. Mpira wa nyuzi za migomba, ukilowa unakuwa jiwe."

"Mwambie Kemi ulivyotoka," Ta Jayanti akasema.

"Sikutoka."

"Ulidakwa na mtoto wa Ta Kabyemela."

"Ulikuwa umeshadunda, Bhai. Kila mtu aliona umeshadunda."

Kisa, kama nilivyokielewa kati ya kelele zao, kilikuwa hivi. Siku moja ya likizo Ma Savita, msichana mdogo, alishika gongo baada ya chakula cha mchana na hakuna aliyeweza kumtoa. Watoto wa Kihindi walirusha, watoto wa Kihaya wakarusha, mkubwa mmoja aliyepita na baiskeli akashuka akarusha. Walikuwa wakihesabu kwa sauti, na alikuwa amekaribia mia. Ndipo kaka yake, aliyekuwa amechoka kufukuza mpira kibanjani, kwenye migomba, akasema mama anamwita akasukume chapati. Mama hakuwa amemwita. Lakini msichana akiambiwa mama anamwita anakwenda, na alipofika jikoni mama alimpa unga kwa kuwa ameshafika. Alipotoka, jua limezama, watoto wametawanyika, na kaka yake anasema alikuwa ameshadakwa hata hivyo.

"Kwa hiyo bado niko kwenye zamu," Ma Savita alimwambia yule mama mwenye rozari, ambaye aliitikia, "Kabisa, mama," kwa heshima tu.

Tukiwa njiani kurudi nilisoma kwenye simu jambo ambalo nilidhani litawachokoza wote. Nikawaambia kwamba mtu wa kwanza kupata mbio mia mbili katika mechi moja ya kimataifa ya siku moja hakuwa yule bwana wao. Alikuwa mwanamke, wa Australia, miaka mingi kabla ya mwanamume yeyote.

"Dhidi ya nani?" Ta Jayanti akauliza haraka.

"Denmaki."

"Ah! Denmaki!"

"Na wewe, Bhai," Ma Savita akasema akitazama nje dirishani, "dhidi ya Denmaki ungepata ngapi?" Nilitazama shingo ya Ma Savita kutoka kiti cha nyuma, nikatambua kwamba habari hiyo haikumchokoza. Alikuwa ameipokea kama mtu anayepokea salamu iliyochelewa kufika.

Mashindano ya dunia yalianza mvua zikiwa zimeanza. Yule kijana, ambaye hakuwa tena kijana, alihitaji mia nyingine mbili amfikie mkubwa wake na tatu amvuke. Sasa naona kwamba ndani ya majuma yale kuna kitu kilikwenda upande ndani yangu, ingawa wakati huo ningekibishia mbele ya hakimu. Nilikuwa nimezoea chumba kile. Nilizoea chai ya tangawizi ambayo Ma Savita aliileta bila kuulizwa, na ubishi wao, na Ta Jayanti kuniuliza nimesoma nini wiki hii na kukataa kila kitu nilichosoma. Nje ya chumba kile kulikuwa na barua zangu za kazi zisizojibiwa na chumba changu cha Bilele kinachovuja. Yule mtu akivuka, haya yote yanafungwa. Lakini niliamini kwamba mdomo wangu unasema tu yanayoonekana. "Mpira umempita karibu sana na vijiti," nilisema. "Mguu umechelewa. Gongo limegusa hewa." Na Ta Jayanti angesema, "Ee, amechoka huyo," kwa matumaini.

Mia ya kwanza aliipata mapema. Kisha mara mbili akaikaribia nyingine na kutoka. Mara ya kwanza alipiga juu akadakwa mbali, na Ma Savita akavunja bakuli la achari. Hakulirusha, alilishusha tu kwa nguvu ambayo bakuli haikuiweza. Mara ya pili alidakwa karibu, mpira wa polepole ukimdanganya, na Ma Savita akamtukana mama wa mtupaji kwa Kihaya, kwa sauti, huku mkulima mmoja akiwa dukani. Mkulima yule aliweka chini kamba aliyotaka kununua. "Waitu," akaniuliza kwa kunong'ona, "huyo mama ni wa hapa mjini?"

Siku yake ya kuzaliwa yule mpigaji akaipata. Arobaini na tisa, sawasawa na mkubwa wake. Ma Savita alipika sheera, semolina tamu yenye zabibu kavu. Ta Jayanti aliila yote, akafuta mdomo, akasema, "Kufikia si kuvuka." Lakini jioni hiyo nilimwona akipapasa fremu ya mlango wa duka, juu na chini, kama mtu anayechukua vipimo.

Nusu fainali ilichezwa mchana wenye mvua nzito. Senene walikuwa wameanguka, na kibarazani mkabala na duka akina mama walikuwa wakinyonyoa mabawa wakiimba na kusutana. Mmoja alikuwa ametuletea kikapu. Ma Savita hakuruhusu senene waingie jikoni kwake, wala kufunikwa kwa kitambaa chake.

"Senene si nyama, Savita," Ta Jayanti alisema. "Hana damu. Ameanguka kutoka angani kama mvua."

"Ana macho, Bhai. Kumzidi mtu fulani."

"Nilikula wengi Kamachumu, na bado Mungu ananijua."

"Anakujua, ndiyo maana huoni."

Nilicheka. Nakumbuka kwamba nilicheka, na kwamba ndiyo mara ya mwisho tulicheka watu watatu pamoja ndani ya chumba kile.

Yule mpigaji alianza taratibu. Nilisema mguu, nikasema gongo, nikasema upande wa dukani, upande wa jikoni. Mbio zikapanda. Ta Jayanti aliacha kutafuna. Alikaa wima, mikono juu ya magoti, shingo imenyooka, na sweta lile limefungwa hadi kifungo cha juu, kama amevaa kwa safari. Ma Savita hakukaa. Aliingia na kutoka, na mwishowe akasimama kwenye mlango wa jiko, mti wa kusukumia chapati mkononi na unga hadi kwenye viwiko. Nilisema, "Ameshika mgongo wa paja, anachechemea." Nilisema, "Huu umempita karibu." Kisha mtupaji akaja, mpigaji akageuza mikono kidogo tu, mpira ukateleza nyuma, upande wa jikoni, naye na mwenzake wakakimbia, wakageuka, wakakimbia tena. Mia ya hamsini. Akaruka juu. Akavua kofia. Akainama, mikono yote miwili mbele, kuelekea jukwaani alikokuwa amekaa mkubwa wake, ambaye alikuwa akipiga makofi.

Nilifungua mdomo.

"Ametoka, Bhai," Ma Savita akasema.

Nilimgeukia. Hakuwa akinitazama mimi wala televisheni. Alikuwa akitazama shingo ya kaka yake.

"Ametoka?"

"Ametoka. Amedakwa."

"Upande gani?"

"Wa dukani."

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Kule nje mama mmoja alisema kitu na wenzake wakaangua kicheko. Ta Jayanti akatafuta kwa vidole bakuli la kahawa, akachukua punje moja, asiitie mdomoni.

"Savita," akasema. "Mara ya kwanza ulivunja bakuli. Mara ya pili ulimtukana mama wa watu. Leo ametoka akiwa mlangoni kabisa, na unaniambia kwa sauti ya daktari?"

Ma Savita akapangusa unga kwenye kiwiko.

"Angetoka, nyumba hii isingekalika." Ta Jayanti akageuza uso kuelekea mlango wa jiko, mahali hasa alipokuwa amesimama. "Amevuka."

Hakuniuliza. Mwaka mzima nilikuwa nimekaa pale kwa ajili ya dakika hiyo moja, nimefunzwa, nimelishwa, nimelipwa, na ilipofika nilikuwa kama kiti. Nilikuwa bado sijafunga mdomo. Kwenye skrini watu walikuwa bado wanapiga makofi bila sauti.

Baadaye, nikiosha vikombe jikoni, niliwasikia kupitia pazia. Walikuwa wamehamia Kigujarati, halafu wakarudi kwenye Kiswahili, kama walivyofanya siku zote walipotaka maneno yasiwe mazito mno.

"Kwa nini ulisema ametoka? Ulikuwa umeshinda."

"Nilikuona umekaa kama mbuzi wa kuuzwa. Nikasema, basi tubaki."

"Na mimi nilipokusikia unanidanganya, nikasema, basi twende."

Kisha Ma Savita akasema, "Chapati zimepoa," naye akajibu, "Lete hivyo hivyo."

Waliondoka baada ya mwaka mpya. Mimi nilirudi nyumbani Muleba, nikapata kazi ya mkataba, ukaisha, nikapata mwingine. Taratibu nilipoteza tabia ya kubishana, jinsi mtu anavyopoteza kifungo, bila kujua siku. Ta Jayanti alipasuliwa macho, nikasikia anaona. Tulizungumza kwa simu mara chache, akalalamikia joto, akalalamikia ndizi za Dar es Salaam. Kisha binti ya Ma Savita akanipigia.

Ta Jayanti alikuwa ameagiza majivu yake yapelekwe majini upande wa Muleba, mahali ambapo unakiona kisiwa cha Bumbire. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata ile siku ya uwanja wa ndege nilimchukua Ma Savita hadi mwaloni, mvuvi mmoja akatuwekea mbao safi ndani ya mtumbwi wake ili tukalie, akazima injini tulipofika mbali na kuvua kofia yake bila kuambiwa. Maji yalikuwa shwari. Ma Savita alianza kufungua kile kitambaa chekundu, vidole vikichelewa kwenye fundo, na akaanza kuzungumza kama mtu anayesema na fundo lenyewe.

"Alipofunguliwa macho, kitu cha kwanza alichotaka ni ile mechi. Binti yangu akamwekea kwenye simu. Akaitazama yote. Akarudisha, akaitazama tena. Nikamwuliza, Bhai, unatafuta nini? Akasema, natafuta ule mpira Kemi aliosema umempita karibu."

"Nao?"

"Haukumkaribia, mwanangu. Hata kidogo." Fundo likaachia. "Na miguu yake haikuchelewa. Akatafuta mechi zile nyingine, hivyo hivyo. Alicheka hadi nikampa maji. Akasema, Savita, tulitafuta mtu wa katikati mji mzima, na yule mtoto alikuwa upande wangu tangu zamani."

Nilitaka kubisha. Nilijaribu kukumbuka ile mipira, mmoja mmoja, na kila niliokumbuka ulikuwa umepita karibu na vijiti. Naiona hadi leo ikipita karibu. Nimesoma vitabu vizima kuhusu jinsi watu wanavyoona wanachotaka, na nilifanya mtihani wake nikafaulu.

Alimwaga majivu kwa mkono wa kulia, polepole, akinong'ona kwa Kigujarati. Kwa desturi yao, ukishamwaga hugeuki kutazama. Alikiosha chombo, akajigeuza juu ya ubao akayapa maji mgongo, akakaa akiitazama nchi kavu ambayo alitamani miaka yote kuiacha.

"Aliapa ataondoka," akasema. "Na tazama, amerudi. Mimi ndiye ninayepanda ndege kesho." Alikausha mikono kwenye sari. "Kemi. Niambie. Sema unachokiona, usiongeze."

"Mengine yamezama," nikasema. "Mengine yanaelea. Yamejipanga mstari mwembamba."

"Yanaelekea wapi?"

"Kaskazini, Ma Savita. Yanaelekea Bukoba."

Mvuvi alikuwa ameshika kamba ya injini, akisubiri.

"Ni kweli," Ma Savita akauliza, "au uko upande wake?"

Nikatazama tena kabla sijamjibu.